Risasi Nilizomjazia Orrin

Jumapili, 30 Agosti

Orrin amepiga simu baada ya ibada. Dakika nne tu. Anasema huko Nevada vumbi la mgodi linaingia mpaka kwenye mkate. Nikamuuliza, "Ufunguzi utakuja?" Akasema, "Nitajitahidi, Leona."

Ufunguzi ni Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Ikigonga saa sita mchana, kila mwanamume wa wilaya hii anaingia kwenye mahindi na bunduki kutafuta majogoo wa fesanti, wale kuku wa porini wenye mikia mirefu. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu Orrin hajakosa hata mmoja. Mwaka aliovunjika mguu alikaa juu ya trela na kupigia hapo hapo.

Nitajitahidi. Nimeliandika hapa ili kesho nilitazame tena.

Jumanne, 1 Septemba

Shule imefunguliwa. Watoto mia moja na kumi, soseji na maharage. Miguu inaniuma.

Jumamosi, 5 Septemba

Bunduki yake ipo nyuma ya mlango wa chumba chetu, kama alivyoiacha Februari. Ni ya baba yake, ya kipimo cha kumi na sita, na siku hizi dunia nzima inatumia ya kumi na mbili. Risasi zake dukani ni za kutafuta kwa tochi. Zamani Orrin alijaza upya maganda matupu mwenyewe, lakini benki ilipochukua ng'ombe aliiuza mashine yake ya kujazia, na droo ya risasi ni tupu. Leo nimeamua: akija, atazikuta.

Nikaenda dukani kwa Gaylen Skogen, kule kwenye misumari na mbegu.

"Gaylen, una risasi za kumi na sita?"

"Leona, naletewa boksi mbili kwa mwaka. Zimeisha tangu Julai."

"Niagizie basi."

Akanitajia bei. Nikacheka, naye akacheka, maana anaujua mshahara wa jiko la shule. Dada yake alipika pale shuleni kabla yangu.

"Nikijaza mwenyewe je?"

Akaweka kalamu chini. "Unajua kujaza?"

"Miaka ishirini na miwili nimeutazama mgongo wa Orrin akijaza."

"Mgongo hauonyeshi mikono inafanya nini." Akainama chini ya kaunta, akatoka na mashine ndogo ya chuma, mpini wake umewahi kukatika na kuungwa. "Hii inajaza ganda moja moja. Pole pole kama kukamua mbuzi. Nimeitafutia mtu miaka mitatu. Utanipa nini?"

Tulipatana mitungi kumi na miwili ya matango yangu ya siki. Mizani na kitabu cha vipimo amenikopesha. Fataki za kuwashia, baruti, vizibo na mfuko wa marisawa, zile chembe za risasi, nimenunua, na hiyo ndiyo nauli yangu ya mkutano wa wapishi, imekwenda.

Halafu akanishika mkono, mtu ambaye hashikani mikono na wanawake hata kanisani. "Sikiliza. Kitabu kinasema ganda hili, fataki hii, baruti hii, kizibo hiki, uzito huu. Hubadilishi hata kimoja. Kwenye supu ukikosa karoti unatia boga. Hapa ukitia boga, utatafuta vidole vyako kwenye nyasi. Na mezani uwe na kopo moja tu la baruti. Na yule mama yako mkwe asikaribie na sigara."

Mama Borghild aliiona mashine nilipoiweka mezani. Ana miaka sabini na minane, na tangu niolewe hajaacha kunikumbusha kwamba wao ni Wanorwe na mimi ni Mjerumani, tena Mkatoliki.

"Mjerumani anataka kuilipua nyumba yangu," akasema.

"Ni kwa ajili ya Orrin, Mama."

"Orrin ana mikono."

Akawasha sigara yake, akaenda kuivutia barazani huku akiusukuma mlango kwa kisigino.

Jumatatu, 7 Septemba

Sikukuu ya wafanyakazi, shule imefungwa. Nimekwenda kuokota maganda kwenye uwanja wa kulenga shabaha nyuma ya ghala la nafaka. Mamia ya maganda, karibu yote ya kumi na mbili. Ya kumi na sita nimepata tisa, yale ya zambarau, na manne kati ya hayo midomo imepasuka. Matano basi. Nimeyafuta na kuyapanga dirishani. Mama ameyatazama akipita. "Umeenda asubuhi nzima kuleta takataka za watu," akasema.

Jumatano, 9 Septemba

Upepo. Nguo zimeanguka kwenye matope mara mbili.

Alhamisi, 10 Septemba

Nimerudi kutoka shule nikamkuta Mama amekaa mezani na kofia yake ya kwendea kwenye sanduku la posta bado iko kichwani. Viazi havijamenywa. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Iko wapi ile mashine yako? Ilete."

Niliileta. Akaizungusha, akapima mpini, akavuta meza ikae sawa na mwanga. Halafu akaingia chumbani kwake, nikasikia kabati likifunguliwa, akarudi na kopo kubwa la biskuti. Ndani mna maganda ya Orrin, ya zambarau, safi, yamepigwa mara moja tu. Arobaini na manane!

"Umeyatoa wapi?"

"Nilikuwa nayaokota kwenye mifuko ya koti lake kila nikifua. Mtu hatupi ganda zuri."

Kumbe mama huyu alijaza risasi kabla sijazaliwa. Miaka ile ya ukame, mume wake Anders alikuwa akitoka na risasi sita tu, na akirudi na ndege wanne anaulizwa mbili zimekwenda wapi. Yeye ndiye aliyezijaza, kwenye meza hii, maganda ya karatasi, akiziba mdomo kwa tone la mshumaa.

"Baruti mlipimia nini?"

"Kijiko cha haradali."

"Mama! Gaylen amesema..."

"Gaylen nilimbadilisha nepi. Lakini sawa, tumia mizani yako. Anders alipoteza nyusi mara mbili."

Tulicheka. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka pamoja. Siku zote nimedhani hanipendi.

Jumamosi, 12 Septemba

Risasi tano za kwanza.

Naandika jinsi inavyokwenda, nisisahau. Ganda linaingia kwenye nafasi ya kwanza. Unashusha mpini, fataki kuukuu inatoka na kudondoka kwenye kikopo, na ganda linarudi umbo lake. Nafasi ya pili, fataki mpya inakaa kwenye tako la ganda. Kisha baruti, iliyopimwa, inateremka kama unga wa pilipili manga. Kizibo cha plastiki kinasukumwa juu yake mpaka kigome. Halafu marisawa, na sauti yake ni ile ile niliyokuwa naisikia nikiwa nimelala na Orrin yuko jikoni. Mwisho unakunja mdomo, mara ya kwanza nusu, mara ya pili kabisa, mikunjo sita ikutane katikati.

Yangu haikukutana. Tatu kati ya tano zina mdomo kama wa mzee asiye na meno. Mama alizishika moja moja kwenye mwanga. "Hizi mbili zinafaa. Hizi tatu mpe Mkatoliki mwenzako." Tumezifungua, tumeanza upya.

Jumapili, 13 Septemba

Hajapiga simu.

Jumamosi, 19 Septemba

Tumezijaribu nyuma ya ghala. Nilikulia na kaka wanne, bunduki naijua, ila hii ya Orrin sikuwahi kuigusa. Nilibandika karatasi la mfuko wa unga kwenye marobota ya nyasi, nikapiga hatua thelathini, Mama amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa na viganja masikioni. Ya kwanza ililia vizuri. Ya pili pia. Karatasi lilikuwa na matundu yaliyosambaa sawasawa kama ndui.

"Umelenga chini," Mama akasema.

"Umeziba masikio, siyo macho, naona."

Harufu ya moshi ilikaa kwenye sweta yangu. Nimeivaa mpaka kulala. Ndiyo harufu ya shingo yake mwezi wa Oktoba.

Jumapili, 20 Septemba

Hajapiga. Nimemwambia Mama labda wanafanya zamu za Jumapili. Akasema, "Labda."

Jumatano, 23 Septemba

Vizibo vimeisha. Gaylen ana vya aina nyingine tu, vinafanana kabisa, nikamwambia naomba hivyo hivyo. Amekataa kuniuzia. "Rudi Jumanne." Nilikasirika njia nzima. Jioni nikasoma kitabu: aina ile haimo kwenye mstari wa baruti yangu. Yuko sawa.

Mama ndiye anayekwenda kwenye sanduku la posta kila siku, nusu kilomita na fimbo yake. Nimemwambia niwe nalifungua mimi nikirudi na gari. Amekataa kwa ukali. Anasema miguu yake isipotembea itasahau.

Jumapili, 27 Septemba

Simu!

Nilikuwa mezani, maganda kumi na manne yamesimama kwenye kibao, namimina baruti la tano au la sita, ikalia. Niliacha kila kitu.

"Orrin?"

"Leona. Mko salama?"

Nikamwaga kila kitu kwa mara moja: mvua, jirani aliyekodi shamba ameanza kuvuna, na kwamba nina kitu kinamsubiri, hawezi kukisia, halafu nikashindwa kujizuia nikamwambia. "Nakujazia risasi. Za kumi na sita. Mimi mwenyewe. Mama ananisaidia."

Nilidhani laini imekatika.

"Orrin?"

"Nipo. Umefanya vizuri." Sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyesimama mlangoni na koti. "Leona, Mama hajakuambia...?"

"Kuniambia nini?"

Mama alikuwa mezani muda wote huo, mikono yake inasukuma vizibo kwenye maganda, kimoja baada ya kingine, haraka haraka. Hapo akainuka, kwa kasi sijui aliitoa wapi, akaninyang'anya simu. "Nipe."

Akaongea naye Kinorwe. Mimi Kinorwe changu ni cha kula na kusali tu. Aliongea kwa sauti ya chini, halafu akapandisha, halafu akasema neno moja mara mbili, akaikata simu mimi nimenyoosha mkono.

"Mama! Sikumaliza!"

"Nimemgombeza. Havai sweta, ana kikohozi."

"Na ufunguzi?"

Alirudi kukaa. Alizungusha ganda moja vidoleni. "Amesema ataona."

Nikarudi kwenye kibao, na hapo ndipo nilipoona. Maganda yote kumi na manne yalikuwa na vizibo. Mimi sikujua nilifika la tano au la sita, na Mama hakujua yapi yana baruti na yapi hayana.

"Enzi zetu tungeyatikisa tu sikioni," akasema, lakini hakutabasamu.

Tumevitoa vizibo vyote kwa sindano ya kufumia. Manane hayakuwa na kitu. Matano yalikuwa sawa. Moja lilikuwa na baruti mara mbili. Nadhani nilimimina, simu ikalia, mkono ukamimina tena. Niliitazama ile chungu ndogo ya kijivu juu ya karatasi. Ingelipuka shavuni mwa Orrin.

Mama aliikalia mikono yake.

Jumapili, 4 Oktoba

Hajapiga. Sikungojea sana. Nilingojea.

Jumanne, 6 Oktoba

Nimefanya jambo na sijamwambia mtu ila Gaylen aliyelipigia muhuri. Nimekata kibali cha kuwinda, kwa jina langu. Miaka yote hiyo wanawake tunabaki jikoni tukisikiliza milio na kukisia ni nani amepiga. Mwaka huu nataka kutembea pembeni yake. Sitasema kitu. Nitavaa buti tu, nishike njia naye, nione uso wake.

"Mwambie Orrin ana bahati," Gaylen alisema akinirudishia karatasi. Kisha akajishughulisha na kuhesabu bawaba ambazo hakuna mtu aliziulizia.

Jumamosi, 10 Oktoba

Baridi kali imeua nyanya. Mashine ya kuvuna mahindi inalia shambani tangu alfajiri. Nimefikisha risasi hamsini na tatu, mikunjo yote sita inakutana. Mama anasema sasa zinazidi za Orrin, na kwamba nisimwambie. Nimeziweka kwenye boksi la viatu, nikaandika tarehe na uzito wa baruti kama Gaylen alivyoagiza.

Nikizijaza naimba. Sikujua mpaka Mama alipoanza kunifuatisha.

Ijumaa, 16 Oktoba

Shuka safi. Mikate mitatu. Chapati za viazi za Kinorwe, za Mama mwenyewe, za kulaza kwenye siagi na sukari. Nimemtengenezea nywele. Chini ya mikono yangu akasema, "Leona, wewe ni mtu mwema," kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Kutoka Nevada ni saa ishirini na mbili kwa gari. Kama alitoka zamu ya jana, atakuwa Wyoming.

Jumamosi, 17 Oktoba

Nataka kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi barabara yote ilikuwa na malori madogo, watu wenye kofia za rangi ya chungwa, mbwa wamepanda nyuma. Kila moja lililopunguza mwendo kwenye kona yetu nilisimama. Saa nne nilivaa buti. Mama alinitazama miguuni, akajua. Amevaa gauni lake la kanisani.

Saa sita kamili milio ikaanza, mbali, kisha pande zote, kama bisi kwenye sufuria. Tulikaa mezani. Boksi la viatu lilikuwa katikati yetu.

Saa saba. Saa nane. Kahawa nilimwaga nikapika nyingine.

"Nimpigie kule kambini kwao?"

"Usimpigie."

"Labda gari limemharibikia. Lile rejeta..."

"Leona, kaa."

"Anaweza kuwa pembeni ya barabara mahali, Mama, na..."

"Kaa chini, mwanamke!"

Nilikaa. Akafungua kitabu chake cha nyimbo, akatoa bahasha, akaisukuma juu ya meza mpaka ikagusa mkono wangu. Mwandiko ni wa Orrin. Jina ni la Mama.

"Hii ilikuja tarehe kumi Septemba," akasema.

Ni ukurasa mmoja. Naunakili kipande ili nisije nikajidanganya baadaye. *Mama, kuna mtu nimempata huku. Sitarudi. Mwambie Leona taratibu, wewe unamjua. Mimi kila nikishika simu nasikia alivyofurahi nashindwa.*

Niliisoma mara tatu. Nje milio iliendelea. Kitu cha kwanza nilichosema hakikuwa juu yake.

"Tarehe kumi. Ndiyo siku uliyoniambia nilete mashine."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nijaze risasi hamsini."

"Hamsini na tatu."

"Kwa nini?"

Hakulia. Sijawahi kumwona akilia, hata tulipomzika Anders. Aliweka viganja vyote viwili juu ya meza.

"Siku ile nilikaa hapa nangojea urudi nikuambie. Neno nilishalipanga. Ukaingia, uso umekaa kama wa mtu anayekuja arusini, na yale maganda yako matano yako dirishani. Nikasema kesho. Kesho yake ukaanza kuimba. Tangu Februari hukuwa umeimba, Leona. Nikasema Jumapili. Jumapili ikawa vile vile. Na ukishajua, utafunga sanduku uende kwa dada yako Aberdeen. Na kwa nini usiende? Mimi si mama yako. Nimekuita Mjerumani miaka ishirini na miwili. Lakini katika nyumba hii mtu wa kunisemesha ni wewe peke yako."

"Na ile simu? Kinorwe kile?"

"Nilimwambia kama ana haya aje akuambie mwenyewe, uso kwa uso. Akasema hawezi. Nikamwita jina ambalo sijamwita hata mbwa."

"Ukaniambia ni sweta."

"Nilikosa neno jingine."

Niliinuka. Nilichukua bunduki nyuma ya mlango, nikatia risasi kumi mfukoni, kibali kikiwa humo humo. Mama akainuka pia, uso mweupe. "Leona. Leona, unakwenda wapi na hiyo?"

"Kuwinda," nikasema. "Leo si ufunguzi?"

Nilipita kwenye mabua yaliyovunwa mpaka kwenye mistari minane ambayo jirani huiacha imesimama kando ya bwawa la matete. Sikuwa na mbwa. Nilitembea kama Orrin alivyokuwa anasimulia: hatua kumi, simama, hatua kumi, simama, ndege akisikia umenyamaza anaingiwa na hofu. Upepo uliyapiga majani makavu. Nilikuwa nalia kwa sauti, sikujali, hakukuwa na mtu.

Wa kwanza aliruka nyuma yangu, nikakosa. Wa pili alikuwa jike, nikamwacha. Wa tatu nilikosa mara mbili. Risasi zote zililia vizuri. Hakuna iliyogoma.

Mwisho wa mstari mabua yaliisha, na kwa sababu hapakuwa na pa kukimbilia, jogoo aliruka pale pale miguuni, mkia mrefu, anapiga kelele kama mlango wenye kutu, pete nyeupe shingoni. Sikufikiri. Nilipiga akageuka hewani na kuanguka kwenye nyasi.

Nilimwokota. Alikuwa wa moto kabisa, mzito kuliko nilivyodhani. Na mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia ni Orrin. Nilishageuka kuelekea nyumbani, mdomo nimeshaufungua, ndipo nikakumbuka. Nilikaa chini kwenye mabua naye mapajani mpaka vidole vikafa ganzi.

Nilimweka ndege kwenye sinki. Mama alikuwa amekaa pale pale.

Jumapili, 18 Oktoba

Sikwenda kanisa lolote, la Mama wala langu.

Jumanne, 20 Oktoba

Sijamsemesha. Amemnyonyoa yule ndege, amempika kwenye krimu. Nimekula nimesimama.

Alhamisi, 22 Oktoba

Nimempigia dada. Amesema chumba kipo.

Jumapili, 25 Oktoba

Nilikwenda misa ya asubuhi. Niliporudi lori la Gaylen lilikuwa uani, na Gaylen anashuka ngazi na sanduku la Mama. Lile la ngozi, alilokuja nalo baba yake kutoka ng'ambo. Mama alikuwa amesimama barazani na kofia.

"Hii ni nini?" nikauliza.

Gaylen akatazama viatu vyake. "Amenipigia nimpeleke nyumba ya wazee, Leona. Kuna kitanda."

"Umelipia?" nikamuuliza Mama. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake kwa siku nane.

"Mwezi mmoja. Nimesikia ukiongea na dada yako. Nyumba ukiifunga usiwe na mzigo wa kikongwe ndani yake."

Nilisimama na mkoba wangu wa misa. Nilitaka kumwacha aende. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Niliona atakavyokaa dirishani kule, na wanaomhudumia watakavyomwita bibi na kumpa viazi vilivyopondwa, na nikaona hiyo ni haki yake. Halafu akakohoa, akatafuta sigara mfukoni, mikono ikashindwa kuwasha kiberiti. Mara ya kwanza, mara ya pili. Nilipanda ngazi nikamwashia.

"Gaylen," nikasema, "rudisha sanduku ndani."

"Leona," akasema Mama.

"Sijakusamehe. Usidhani. Lakini huendi. Kuna masharti mawili. Barua nazichukua mimi. Na kwenye simu ya nyumba hii Kinorwe marufuku."

Alivuta moshi, akautoa taratibu. "Hata kusali?"

"Kusali hupigi simu."

Gaylen alicheka akajizuia, akapita katikati yetu na sanduku. Alikunywa kahawa vikombe vitatu. Aliyajua tangu mwanzo? Nilimuuliza nikimsindikiza. Akasema hakujua, alikisia. Orrin aliandika dukani akiomba atumiwe spana fulani, na anwani haikuwa ya kambi. "Nilishindwa kukuambia. Nilikuuzia fataki tu." Ameona haya mpaka masikio. Wote walinionea huruma, kila mmoja kwa namna yake, na wote wakanyamaza.

Jumamosi, 7 Novemba

Majogoo wawili. Mama alinyonyoa, mimi nilijaza upya maganda matano.

Alhamisi, 26 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Orrin alipiga. Nilipokea mimi.

"Leona."

"Orrin."

Alisema samahani. Alisema mara mbili. Atakuja majira ya kuchipua kuchukua vifaa vyake na kusaini anachotakiwa kusaini. Nikasema sawa. Nilidhani atakata.

"Zile risasi," akasema, "ulizipiga?"

"Nilizipiga."

"Zilishika?"

"Zote."

"Ulitia baruti kiasi gani?"

Nikamwambia. Akaguna ule mguno wake, wa kuridhika. Nilishika simu kwa mikono miwili. Nilitaka aendelee kuuliza: kizibo gani, mpini ulisumbua wapi, mdomo ulijikunja mara ya ngapi. Kama angeuliza mpaka usiku ningejibu.

"Haya basi," akasema.

Mama alikuwa anaosha sahani moja muda wote. Hakuomba simu.

Jumapili, 6 Desemba

Msimu umefungwa leo. Theluji ya tangu juzi imefunika mabua yote, na uani kuna nyayo za fesanti, zimefika karibu kabisa na ngazi, kama wanajua.

Dada amepiga kuuliza nitakwenda lini. Nimemwambia si mwaka huu. Hakuridhika.

Mchana, tukiwa tunakula supu, lori liliingia barabara yetu kutoka magharibi, upande wa Nevada. Ni nadra gari kupita na theluji hii. Lilikuja pole pole, gia ya chini, likapunguza mwendo kwenye kona. Mama alishika kijiko hewani. Mimi nilikuwa na mkate mdomoni, nikaacha kutafuna. Hakuna aliyegeuka dirishani. Tulikaa hivyo, tumetazama supu, mpaka likabadilisha gia, likapita, likavuka daraja, na tusiweze kulisikia tena.

"Chumvi," Mama akasema.

Nikampa.